Vikombe vya Sitati

Sitati alikuwa mpishi wa safari za bei nafuu, zile za kulala kwa hema na kuangalia wanyama bila kuingia hoteli. Lori kuukuu lililotiwa viti, hema za watu wawili wawili, magodoro membamba, na Sitati na jiko lake. Lori lilikuwa la Hardeep Singh, mwuza vipuri hapa Nakuru. Ephantus ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa wa kuokota kuni na kulinda hema, kazi niliyopata kwa sababu nilipita hapo siku walipokosa mtu. Kazi zangu nyingi nimezipata hivyo.

Sitati alizaliwa katika nyumba za reli. Baba yake alikuwa fundi wa karakana, na huko kila fundi alichukua kibati chenye namba yake asubuhi, akakirudisha kwenye msumari jioni. Msumari ukiwa mtupu, basi kuna mtu bado yuko chini ya behewa, na behewa halisukumwi. Sitati alileta jambo hilo porini. Alipiga misumari ubavuni mwa lori, na kila mgeni akapewa kikombe chenye uzi wa rangi yake. Ukitoka kambini unakwenda nacho, ukirudi unakitundika. Jioni Sitati anaangalia misumari kabla ya kupakua chakula.

Januari ya 2008, Nakuru ilipowaka kwa vurugu za uchaguzi, yeye na mkewe Nanyama na watoto watatu walitoka mtaa wa Rhonda wakakaa wiki tatu uwanja wa maonyesho. Hata huko alikuwa na vikombe vitatu vya watoto kando ya blanketi.

"Mzee, watu wakiwa wengi macho yanachanganyikiwa," aliniambia. "Mimi naangalia kikombe."

Wageni hawakuja tena. Lori lilikaa miezi sita, kuku wakataga ndani. Mwezi wa saba ndipo lilipopatikana kundi moja: Ritu, binti wa ndugu ya Hardeep, aliyezaliwa Nakuru akapelekwa Uingereza akiwa na miaka tisa, na marafiki zake watatu. Hardeep alimwita Sitati kando, mimi nikiwa hapo nakunja turubai.

"Nimepata mtu wa kununua hii lori. Nimemwambia angoje mpaka mrudi."

"Sawa, boss."

"Hawa warudi wazima. Sitaki kusikia hata mtu ameungua kidole. Kitu ikiharibika, mimi nauza."

"Haitaharibika, boss."

Tangu hapo Sitati hakutulia. Supu aliionja mara tano, kamba za hema alizivuta moja moja baada yangu.

"Endelea kuonja hivyo," Ephantus akamwambia, "wageni watakula harufu."

Hakucheka.

Siku ya pili tulikuwa Ziwa Bogoria. Sitati huchemsha mayai kwenye chemchemi za moto, ndani ya neti ya viazi vya Mau Narok, ili gesi isiishe. Aliwapanga wageni nyuma yake.

"Hapa chini ni ganda tu. Usikanyage palipo peupe. Fuata nyayo zangu."

Walikula mayai, wakapiga picha, tukarudi kambini. Alasiri Ritu alitoka peke yake na chai yake, akasema anakwenda kuangalia ndege kidogo. Mimi nilikuwa kwenye kuni. Nikirudi nilikuta kikombe chenye uzi mwekundu juu ya jiwe, kando ya njia ya chemchemi, chai imepoa ndani. Nikajua huyu mtoto amesharudi, kikombe amekisahau. Nilifurahi kupata cha kusaidia. Nikakiosha, nikakitundika.

Saa kumi na mbili Sitati aliangalia misumari. Vikombe vinne. Mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu Nakuru. Akapakua ndengu na chapati, na wageni watatu wakakaa.

"Ritu?"

"Atakuwa amelala," mmoja akajibu.

Sitati akampelekea sahani. Hema lilikuwa wazi, viatu havikuwepo. Alirudi akasimama mbele ya lori, akashika kile kikombe.

"Nani ametundika hii?"

"Ni mimi," nikasema. " Nilikuta kwa jiwe, njia ya chemchemi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua tochi na mwiko wa ugali, na sisi tukamfuata, Ephantus na mimi. Jua lilikuwa limezama. Baridi ilikuwa imeukuza mvuke, huoni hatua kumi. Sitati alikwenda mbele akigonga ardhi kwa mwiko, anagonga, anasikiliza, anakanyaga. Maji yalikuwa yakinguruma chini yetu. Niliwaza vile nitakavyosimama mbele ya Hardeep, kisha nikaona aibu kuwaza hilo kabla ya kumwaza msichana.

"Ritu," Sitati akaita. Mchana wote alikuwa amemwita madam.

"Niko hapa. Nisimame ama nikae?"

"Kaa."

Alikuwa kwenye jiwe, amekumbatia magoti. Mguu mmoja ulikuwa umetoboa ganda, kifundo kimekuwa chekundu. Tangu hapo alikuwa hajasogea tena.

"Niliacha kikombe kwa jiwe makusudi," akasema, "ndio mjue nimepita hapa. Nilijua utakikosa kwa msumari."

Sitati alimbeba mgongoni, mwiko akanipa mimi.

Kambini akaumwagia mguu maji ya kawaida muda mrefu. Ritu akasema, "Msimwambie Chacha." Chacha ni baba mdogo, ndiye Hardeep.

Asubuhi Sitati alipanda kilima kutafuta mtandao. Nikamfuata.

"Mwambie ni mimi."

"Mzee, vikombe ni vyangu." Akapiga. "Boss, Ritu ameungua mguu. Nilihesabu vibaya... Ndio... Wa kushoto... Ndio, boss."

Tulimpeleka zahanati, kisha Nakuru. Hardeep aliukagua mguu, akamwambia Ritu atembee. Alitembea ua mzima wa duka bila kuchechemea. Mimi nilimwona akiuma mdomo.

"Huyo mnunuzi," Hardeep akasema, "nitamwambia angoje mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Halafu tutaona."

"Sawa, boss."

Sitati akaenda nyuma ya lori na nyundo. Aliongeza misumari mitatu: wake, wa Ephantus, wangu. Uzi wangu ni mweusi.

"Na mtu asitundike ya mwenzake," akasema, bila kuniangalia, akaendelea kugonga.