Mashine Iliyoimba Kwaya

Harufu ya plastiki iliyopata moto bado hunirudisha Mumbuni, kwenye sebule ya rafiki yangu aliyekuwa na mashine ya gemu. Gemu zenyewe sikuzionea wivu, maana nilimshinda kila mara. Jioni moja mama alikuja kuniita nyumbani.

"Keti kidogo, mama. Hii hucheza hata sidii za kwaya," rafiki yangu akamwambia.

Mama aliketi, akaimba pamoja na kwaya ya sidii akiwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha akamwambia rafiki yangu, "Asante, mwanakwa." Ni mwanangu kwa Kikamba, na nilidhani aliyeitwa hivyo ni mimi tu.

Wimbo wa pili ulipoanza, nilichomoa waya.

"Stima imepotea," nikasema.

Mama aliitazama taa iliyokuwa ingali inawaka juu yetu, akainuka. Njia nzima alitembea mbele yangu, na hakuimba.