Siku Skrini Yangu Ilipomzuia Bibi Harusi Kujibu

Kanyenye nzima, hapa Tabora mjini, inaisimulia habari hii kwa kunicheka, basi acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na (nitabishana na yeyote) sifa nazo ni zangu.

Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa hapa nyumbani, na bibi yetu mzaa mama, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa kwake Lusu, huko Nzega, na nyonga inayomuuma kiasi kwamba safari ya gari haiwezi. Zuhura alitoa sharti moja tu: Bibi amwone akiozwa. Nikasema niachieni mimi, nina kompyuta, kule binamu yetu Kulwa atamshikia Bibi simu, wataonana kama wamekaa mkeka mmoja.

Sasa kompyuta yenyewe ina skrini ya kugusa iliyoharibika, inajigusa peke yake, mshale unaruka huku na huku ukibonyeza unachotaka. Asubuhi ile Shangazi Mwanaidi akashauri isomewe dua, nami nikamuuliza ni jini gani huyo anayepita kwenye waya wa USB, kwa sababu kile kipande cha kugusa kimeunganishwa humo ndani kwa USB, sawa na flashi tu, na mimi natumia Linux, ambayo ukiiamuru isikitambue kifaa fulani basi haikitambui. Nikaandika amri moja, mshale ukatulia tuli. Amri hiyo hufutika kompyuta ikizimika, na kuna njia ya kuifanya iwe ya kudumu, ila nikajiuliza (mimi na maswali yangu!) ya kudumu ya nini kwa shughuli ya siku moja?

Baada ya adhuhuri sheikh akaingia chumbani kwa bibi harusi na mashahidi wake, na hapohapo umeme ukakatika, na kwa kuwa betri yangu ni pambo tu, kompyuta ikazima. Jirani akawasha jenereta, nikawasha kompyuta, nikampata Bibi tena, najisifu moyoni, sheikh akauliza, "Binti yangu, umeridhia kuozwa?" na mshale ukaamka. Ukazima kamera.

"Mbona giza?" Bibi akauliza kutoka Lusu.

Zuhura akafunua ushungi. "Sijibu mpaka Bibi anione."

Mama mmoja aliyesimama mlangoni alilibeba neno hilo hadi turubaini kwa wanaume, na lilipofika kule lilikuwa "bibi harusi amekataa." Bwana harusi akasimama, kanzu imelowa jasho. Shangazi yake, Msukuma, kwa hiyo mtani wetu halali, akaingia chumbani mikono kiunoni.

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, leo kakompyuta kamoja kanawashinda?"

"Mtani, subiri nje kidogo."

"Nisubiri nini, na ng'ombe wetu tumeshatoa!"

Nikafungua dirisha la amri, nikaandika, likaniuliza nywila, nikaigonga kwa nguvu bila kutazama skrini, halafu nikaigonga tena, kumbe mshale ulisharukia sehemu ya ujumbe, na nilichoandika chote kilikuwa kinakwenda Lusu. Kulwa, aliyezoea kumsomea Bibi kila ujumbe kwa sauti, akasoma: "Bibi, kaka anaandika... gwijiwatabora. Ameandika tena. Gwijiwatabora."

Chumba kizima kilisikia. Sheikh akakohoa kwenye ngumi yake. Mtani akajitupa mkekani akipiga makofi. "Njooni mumwone Gwiji wa Tabora!"

Hapo ndipo akili ikanirudi, nikajiuliza kwa nini nagombana na mshale wakati Linux ina skrini nyingine, nyeusi, ya maandishi matupu, ambayo mshale hauna pa kubonyeza. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, nikaingia humo, nikaandika amri, nikarudi. Mshale tuli. Nikawasha kamera.

"Nakuona, mama," Bibi akasema. "Umependeza. Haya, mjibu sheikh, usimweke mzee wa watu."

Zuhura akajibu ameridhia, kwa sauti iliyofika barazani, na kigelegele cha kwanza cha harusi ile hakikupigwa Kanyenye, kilitoka Lusu, kwenye spika yangu, kikikwaruza vibaya, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Shangazi Mwanaidi anasema ni dua aliyokuwa anaisoma kimoyomoyo. Nabisha mpaka leo. Ila amri ya kudumu niliiandika kabla sijagusa pilau, nikazima na kuwasha mpaka nikaridhika, na nywila nimebadilisha. Walimu wangu wa chuo niliwahoji, masheikh nawahoji, shangazi zangu ndiyo usiseme; asubuhi ile niliyesahau kumhoji ni mimi mwenyewe. Naapa, jambo linalomhusu Bibi sitalitengeneza tena kwa kulipua tu, bila kuhakikisha.