Bei ya Sweta na Miti ya Bibi Yako

Mwanangu Tumaini, lisogeze kwanza hilo boksi la maparachichi, maana nikiendelea kulitazama nitasema maneno yasiyofaa. Unasema bosi wako kakupa zawadi, na Jumatatu unakwenda kusaini tena ule mkataba wa kuipigia picha kampuni yake na kuiandikia matangazo, kwa malipo yaleyale ya miaka miwili iliyopita. Eti, "Sasa mama mkubwa, nitaanzaje kudai na juzi tu kanipa boksi zima?" Ebo! Kaa chini. Mimi nami nilishapewa boksi langu, na siku ile naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya.

Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa na mashine ya kufuma sweta hapa Njombe mjini, na mikono hii, usiione imekunjamana hivi, ilijua kazi. Makambako kulikuwa na mfanyabiashara, Bwana Danieli, aliyekuwa akipeleka sare kwenye shule za bweni. Sikuwa mwajiriwa wake. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa tuliandikiana karatasi: sweta moja bei fulani, nyuzi nanunua mwenyewe. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili nyuzi zikapanda na bei ya sweta ikabaki palepale, nikawa nafuma mpaka vidole vinakufa ganzi, faida yenyewe ya kununulia chumvi. Karatasi ilipokwisha nikasema safari hii nakwenda kudai nyongeza.

Nilijiandaa kijinga. Nikabeba debe la viazi, maana sisi tumelelewa kwamba huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikafika dukani kwake, nikapiga goti, nikamsalimu kwa kikwetu, "Kamwene," naye akaitikia vizuri, "Kamwene, mwanangu." Basi nikaanza kumwaga shida. Mama anaumwa miguu. Mdogo wangu, huyo mama yako, karudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya ada. Paa linavuja. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaagiza niletewe mfuko wa unga na koti la mtumba, zito, zuri kabisa. "Mpelekee mama," akasema. "Na wewe vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Ungefanyaje hapo? Kwetu ukishapokea kitu cha mtu kwa mikono miwili, huwezi tena kufungua mdomo kudai kingine. Watasema huyu binti hana adabu. Nikapiga goti mara ya pili, nikashukuru, nikasaini bei ileile kwa mwaka mzima, koti limenikaa mabegani. Mbivu alikula yeye!

Jumapili yake nikaenda kijijini Kifanya kumsalimu shangazi yangu Yustina, na koti nimelivaa, nikitarajia sifa. Shangazi alikuwa na shamba lake la miti, na wanunuzi wa mbao walimwogopa kuliko mgambo. Nikamwambia nimepewa na Bwana Danieli nilipokwenda kudai nyongeza. Akalitazama lile koti juu mpaka chini.

"Huyo bwana ulimwambia nini?"

"Nilimweleza shida zetu, shangazi."

"Sweta ulimwonyesha?"

"Si anazijua."

Hee! Alinikaripia mpaka majirani wakatoka nje. "Mjinga wewe! Hapa Kifanya mtu akiuguliwa, wanunuzi wa miti wanajua kabla ya ndugu zake. Wanakuja na pole mdomoni, halafu wanataja bei ya kuni. Mimi nilipouza miti nipate kumzika mume wangu, niliwaambia nauza kwa sababu imekomaa. Machozi nililia baadaye, chumbani kwangu. Wewe umempelekea shida, naye kakusaidia shida. Bei ya sweta nani alimtajia?"

Kweli, mwanangu, bei sikuitaja hata mara moja.

Nyuzi zikapanda tena katikati ya mwaka. Sweta nilikuwa nimeahidi, na nimeweka saini. Bibi yako alikuwa na miti yake nyuma ya nyumba, aliipanda mwaka aliozaliwa mama yako, akisema ikikomaa atajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Aliiuza ikiwa michanga ili mimi nipate nyuzi. Aliwapokea wanunuzi kwa heshima zote, na wao wakaikata asubuhi moja tu. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu! Amekufa kwenye nyumba ileile inayovuja, na lile koti alikuwa akilivaa ndani, karibu na moto, na bado anatetemeka. Nilitamani kulichoma.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Bwana Danieli hakuniibia. Nilimpelekea shida, akaituliza kwa unga. Lakini alijua nimekwenda kwa ajili ya nini, alijua vizuri sana, na hilo sijamsamehe. Nami sijajisamehe.

Mwaka uliofuata sikubeba kiazi hata kimoja. Nilibeba sweta mbili zilizovaliwa mwaka mzima, moja yangu, nyingine ya mfumaji wake mwingine, hiyo viwiko vimeachia. Nikamsalimu kwa adabu. Akauliza, "Mama anaendeleaje?" Nikasema anaendelea, nimekuja kwa habari ya sweta. Nikaziweka mezani, nikataja bei, nikanyamaza. Akacheka. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Nimeinama mwaka mzima, baba," nikamwambia. "Mgongo unauma."

Akatoa mfuko wa sukari. Nikashukuru. "Na bei je, baba?" Akasema wafumaji ni wengi. Nikaaga, nikaenda stendi, nikigeuka nyuma kila mara. Hakunifuata mtu. Wiki tatu kimya! Nikafuma kofia nikauza sokoni, nikijiona mpumbavu wa mwisho. Wiki ya nne akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, na baridi hii ya Njombe, akapunguza kidogo kwenye bei niliyotaja, nikakubali. Niliingia ndani nikalia, maana lilikuwa jambo la maneno machache tu, na ningeyasema mwaka mmoja kabla, miti ingekuwa imesimama.

Basi nakuambia waziwazi. Jumatatu usiende na kodi ya nyumba mdomoni, wala usiwaambie mtoto anaumwa. Nenda na picha zako na wateja walioletwa na matangazo yako. Taja bei mapema, halafu funga mdomo. Ukimya utakuuma, uache ukuume. Wakikupa zawadi, pokea, shukuru, kisha rudi palepale: na bei je? Wakikataa, rudi na karatasi nyumbani bila saini. Wanaweza kukuacha kweli, sikudanganyi, na utakula ugali wangu mpaka upate kwingine. Lakini sisi hatuna tena miti ya kuuza ili mtu mwingine apate faida.

Haya, lete kisu, hayo maparachichi tuyale, hayana kosa. Na Mungu wa bibi yako akutangulie, mwanangu. Akupe sauti isiyotetemeka siku hiyo, na kama ni lazima itetemeke, itetemeke ukiwa umeshataja bei.