Nilivyotaka Kufunga Depo ya Sange

Shule niliiacha mapema, lakini depo zangu tatu za simenti nilizijenga mwenyewe. Juzi nikanunua programu ya kompyuta inayochora mauzo ya kila depo kama nguzo, ili niamue mambo kama mabosi wakubwa. Kwenye mkutano wetu hapa Bukavu, nikaona nguzo ya Sange imechorwa kwa rangi nyekundu. Shuleni, mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kila somo nililoanguka, na yalikuwa mengi. Basi mbele ya wafanyakazi wote nikamwambia msimamizi wake, “Maman Neema, Sange tunaifunga. Lete funguo.”

Akaziweka mezani. “Sawa, papa. Lakini nyekundu iko rangi tu. Angalia urefu wa nguzo: Sange inauzisha kupita depo zote.”

Nikaangalia. Nikashusha pumzi, nikamrudishia funguo haraka kabla hajazikataa.