Nilimsahihisha Redempta Neno la Siri, Akafukuzwa Yeye

Jina langu sitaliandika, na wewe unayenifahamu nakuomba usilitaje. Kosa lilikuwa langu, nililitenda kwa kinywa changu mwenyewe, na nikilikumbuka najiona mjinga aliyevaa tai.

Nimezaliwa Biharamulo mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara waliotokea pwani zamani. Kwetu tulilelewa tukiamini kwamba Kiswahili ni chetu, wengine wameazima tu. Basi miaka ile ya wakimbizi, nilipopata kazi Ngara kwenye shirika moja la misaada, nilikwenda na vitu viwili: cheti cha kompyuta kutoka Mwanza na Kiswahili changu. Kompyuta niliijua nusunusu. Kiswahili ndicho kilichoniangusha.

Ofisini wengi walikuwa Wahangaza na Wasubi, wenyeji wa huko. Mtu akisema anakwenda "kurara", namkatiza: kulala. Akisema "chakura", namwambia chakula. Nilimsahihisha dereva, nikamsahihisha mlinzi, nikamsahihisha hata padri aliyekuja kubariki ghala letu. Hakuna aliyeniomba! Nilidhani wananiheshimu, kumbe walikuwa wananivumilia.

Mwendeshaji wa redio ya mawasiliano alikuwa Redempta, binti wa kijiji cha Mbuba. Sauti yake ndiyo iliyoyaongoza malori ya chakula mpaka kambini, na madereva walimwogopa kuliko trafiki. Mchana tulikuwa tunakula pamoja, akinitania kwamba hata malaika akija kunichukua nitamsahihisha kwanza. Nilikuwa nimeanza kumpenda. Sikuwa nimemwambia.

Ndipo ikaja barua pepe. Wakafunga dishi juu ya paa, na mkuu wetu, mama wa Kizungu tuliyemwita Madam, akataka akaunti yake ya kazi iunganishwe na programu ya barua pepe kwenye kompyuta yake. Kazi hiyo nikapewa mimi. Uvumi ukaenea kwamba watu wa redio sasa watapunguzwa. Redempta aliucheka uvumi huo.

Mtaalamu wetu wa Dar es Salaam alituma neno la siri kwa redio. Redempta akalipokea, akaja ofisini kwa Madam, nilipokuwa kwenye kompyuta, akafunga mlango, akasema neno lenyewe ni karamu.

"Kalamu, Redempta," nikamwambia. "Ka-la-mu. Ya kuandikia."

Madam, aliyekuwa anajifunza Kiswahili, akacheka. Redempta akanitazama. Akasema yeye ametaja alichoambiwa, akarudi redioni kwake.

Nikaandika kalamu. Programu ikakataa. Nikaandika kwa herufi kubwa, ikakataa. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikachomoa nyaya na kuzichomeka tena, nikizipuliza vumbi kama fundi kweli. Nikaifuta akaunti yote, nikaanza upya na jina la seva. Nikapanda juu ya paa na tai yangu, nikalisogeza dishi kidogo huku wapishi wamesimama chini wananitazama. Nikishuka, nakuta kidirisha kilekile kinaniuliza neno la siri. Nilijaribu kila kitu duniani isipokuwa nilichoambiwa!

Mwisho hakikuuliza tena. Akaunti ilikuwa imefungwa kwa kukosea mara nyingi.

Kumbe ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na ujumbe wa makao makuu, yaliyodhani tumeshaunganishwa, kwamba malori yamekwama, kambi itangaziwe watu wasije kwenye mgao. Haukusomwa. Watu wakajipanga na magunia matupu tangu asubuhi, akina mama na watoto mgongoni, jua likawawakia mpaka likachoka lenyewe. Wakarudi na magunia matupu vilevile.

Makao makuu yakaja juu. Madam akaniita, akaniuliza tatizo ni nini. Ningeweza kusema sijui. Neno fupi tu, nalo ni Kiswahili safi.

"Neno tulilopewa si sahihi," nikasema. "Na watu wa redio hawaitaki hii barua pepe."

Sikusema zaidi ya hapo. Hapakuhitajika zaidi.

Kesho yake yule mtaalamu akanipigia kwa simu ya setilaiti. Nilikuwa peke yangu. Akauliza nilikuwa naandika nini, nikamwambia kalamu. Akacheka sana.

"Karamu, kaka. Ya harusi. Yule dada alinirudishia neno redioni vizuri kabisa."

Akaifungua akaunti, nikaandika karamu, na barua zikaanza kuteremka moja baada ya nyingine. Madam akaingia, akafurahi, akaniuliza nimefanyaje. Nikamjibu kwamba neno la siri limebadilishwa. Ndiyo, nilisema hivyo! Wenzangu wakanipigia makofi, nikaletewa soda, nikainywa.

Redempta akaachishwa kazi wiki hiyohiyo. Alipokuwa anaondoka alipitia mezani kwangu, ameshika sweta lake.

"Uliandika nilivyosema?" akaniuliza.

Nikamwambia mipangilio ya seva ilikuwa na kasoro. Akaguna, akaenda.

Kuanzia hapo nikala mchana peke yangu. Niliitwa mtaalamu, nikapewa chumba chenye feni, na kila aliyeingia alinisalimia kwa adabu na kuondoka upesi. Sikumsahihisha mtu tena, maana hakuna aliyekaa kuzungumza nami.

Wakimbizi waliporudi kwao na ofisi ikafungwa, nikafunga safari kwenda Mbuba. Nilimkuta mama yake anapukuchua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda bila kujua mimi ni nani. Redempta akatokea shambani na mtoto mgongoni. Alikuwa ameolewa. Nikamweleza yote, mpaka soda.

Alisikiliza akimalizia kunawa miguu.

"Nilijua," akasema. "Wa Dar alinisimulia redioni, anacheka. Nilienda kwa Madam, akaniambia mtaalamu ni wewe. Ndiyo maana nikapita mezani kwako. Nilitaka useme mwenyewe."

Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe, kwa sababu ana shamba la kulima na hana nafasi ya kunibeba. Ila nisirudi pale, mume wake asije akauliza maswali.

Basi wewe unayesoma, mtu akikupa neno, liandike kama alivyolitamka. Ukikosea, na utakosea, useme kabla aliyeumia hajafika mlangoni. Usijidanganye kwamba hukupata nafasi. Mimi niliipata. Kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni ni hatua chache tu, na Redempta siku ile alitembea polepole sana.