Nusu Mraba wa Sadala

Yordani alirudi kutoka vita vya Burma akiwa fundi wa redio wa jeshi, na shamba la mkonge karibu na Mazinde likampa ufagio afagie karakana. Ufagio! Miaka minane aliumeza ule uchungu, akifagia chini ya meza ambazo angeweza kuzifanyia kazi.

Mwaka 1954 ikaletwa oskiloskopu, mashine yenye kioo kinachochora umeme kwa mstari wa kijani. Injinia, Bwana Pringle, alijua kuitumia lakini hakuwa na subira ya kufundisha. Akamkabidhi Yordani vibarua wanne awafundishe: baada ya miezi mitatu angewapima mwenyewe, na akishindwa hata mmoja, darasa linafungwa.

Yordani alianza na betri, mstari ukalala sawasawa. Kisha akaunga taa ndogo ya neoni, rezista ya kupunguza umeme na kapasita ya kuuhifadhi, na mstari ukawa unapanda polepole na kuanguka ghafla, tena na tena. Sadala wa Misima, mmoja wa wale wanne, aliyekata mkonge miaka sita, akapiga kelele, "Lo! Unapanda kama mzee anayekwenda Lushoto kwa miguu, halafu unateleza!"

Kioo kilikuwa na miraba ya kupimia muda, na hakuna mwanafunzi aliyekanyaga shule. Yordani akawaza, kisha akamwomba Sadala kipande chake, ile kadi ya miraba thelathini ambayo nyapara huitia alama kazi ya siku inapokamilika.

"Mraba wa kipande ni siku moja," akasema. "Mraba wa hapa ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Hesabuni."

Wakaelewa papo hapo. Jioni ile Yordani alikwenda nyumbani akiimba, jambo ambalo mkewe Hilaria hakulisikia tangu vita.

Siku ya kupimwa, wenzake watatu wa Sadala wakapita. Kwa Sadala, Bwana Pringle akabadilisha kapasita na kuuliza, "Wimbi moja lina miraba mingapi?"

Sadala akahesabu kwa kidole. "Miwili, bwana."

Ilikuwa miwili na nusu, hata kipofu angeona. Bwana Pringle akacheka mpaka kiko kikamponyoka. "Hata kuhesabu hajui! Arudi kwenye panga lake."

"Sadala, ndugu yangu," Yordani akauliza, "na ile nusu?"

"Nimeiona, Fundi. Lakini haikukamilika. Nusu haitiwi alama."

Damu ikamchemka Yordani. Aliwafahamu watu waliokata mkonge tangu alfajiri, wakapungukiwa mafungu machache tu, na nyapara akawapita kana kwamba hawakuamka siku ile. Miaka sita! Na sasa mtu huyu achekwe kwa kulijua vizuri somo alilopewa?

Akakichukua kipande cha Sadala, akakiweka mezani mbele ya injinia.

"Kuhesabu miraba nimemfundisha mimi, bwana. Kwamba nusu si kitu, amefundishwa na shamba lako. Kabla hujampa panga, mrudishie nusu zake zote."

Bwana Pringle akaokota kiko chake, uso mwekundu. "Darasa limekwisha," akasema. "Na wewe, kachukue ufagio wako."

Sadala alikuwa bado ameinamia kioo. Akaweka kidole juu ya ule mraba wa tatu, katikati kabisa.

"Miwili na nusu, bwana," akasema kwa sauti.

Bwana Pringle alikuwa ameshaizima mashine. Hakuna aliyemtilia alama.