Neno Nililomwandikia Ghati

Siku ya kwanza kazini niliripoti nikiwa na begi moja na barua ya kupangiwa kituo. Shule yetu, upande wa Nyamwaga, ilikuwa na vyumba viwili vya udongo. Darasa la tatu lilisomea kanisani. Mwalimu Mkuu alinikabidhi daftari la mahudhurio, ambalo kila asubuhi tulilitumia kuita majina na kuweka alama kwa aliyepo na asiyekuwepo.

"Mtoto akipotea," aliniambia, "hapa ndipo itakapoonekana kwanza."

Baadaye nilihamishiwa Kisaka, nikafundisha miaka sita, kisha nikarudishwa palepale nikiwa Mwalimu Mkuu. Nilikuta wazazi wanajenga vyumba vya mawe. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mwita, ndiye aliyewatoa watu majumbani kwenda kubeba mawe mlimani na mchanga mtoni. Bila yeye vyumba wanavyosomea watoto leo visingesimama.

Binti yake Ghati alikuwa darasa la sita, hodari wa hisabati kuliko wavulana wote. Baada ya likizo ya Desemba hakurudi. Tukasikia ameozwa, yuko karibu na Sirari. Utaratibu ulikuwa kumpelekea taarifa ya utoro mtendaji wa kata, naye amwite mzazi. Barua nilishaiandika Mzee Mwita alipoingia ofisini.

"Mwalimu, tumebakiza paa," alisema. "Ukinipeleka kwa mtendaji, nani atawaita watu tena? Andika amehama."

"Amehamia shule gani, mzee?"

"Mwenye kalamu ni wewe."

Niliandika daftarini: Amehama. Barua nikaichana. Paa likaezekwa kabla ya masika, na siku ya ufunguzi nilipigiwa makofi. Mratibu wa elimu wa kata alipokagua daftari akauliza huyu kahamia wapi, nikamjibu, "Serengeti, kwa shangazi yake." Uongo wa pili haukunipa shida hata kidogo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mama mmoja alikuja kuandikisha mtoto darasa la kwanza.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Ghati wa Mwita."

Niliitikia huku natazama meza.

"Kule nilikuwa nasikiliza kila pikipiki inayopita," alisema, sauti yake ya kawaida tu. "Nilisema mwalimu ataona sipo, atatuma mtu. Nilingoja mpaka mahindi yakavunwa. Hamkuona?"

"Tuliona," nilisema.

Akanitajia jina la mwanawe. Nililiandika, nikamwelekeza kwa mwalimu wa darasa.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huniita mjenzi wa shule na kuniomba historia yake. Mzee Mwita ameshafariki, siwezi kumsukumia lawama; kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ghati amerudi kuishi kijijini kwetu. Kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na mpaka leo sijaenda kumwomba radhi.